Nataka kusoma Kigiriki na Kilatini chuo kikuu, mjomba anasema nimechanganyikiwa

Swali: "Shikamoo mwalimu. Nimemaliza fomu siksi mwaka huu, nilisoma HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), naishi Tabata. Toka mdogo naimba kwaya parokiani na sikukuu kubwa tulikuwa tunaimba misa ya Kilatini, ndo nikaanza kuipenda hiyo lugha bila hata kuielewa. Sasa nataka kusoma klasiki chuo kikuu, yaani Kigiriki cha kale na Kilatini. Mjomba ambaye ndo atalipa ada anasema nimechanganyikiwa, nisome sheria. Je kozi hii Tanzania ipo? Kigiriki ni kigumu kiasi gani kwa mtu ambaye hata Kiingereza chake ni cha kuungaunga? Na nikimaliza ntakula nini?"

Marahaba binti. Nimecheka hapo kwa mjomba maana mimi wa kwangu alikuwa baba mdogo na maneno yalikuwa hayohayo, ila yeye alitaka nisome uhasibu. Ntakujibu lakini sio kwa usawa, swali lako la pili ndo lenye nyama, la kwanza tulimalize haraka.

Tanzania digrii ya klasiki hakuna. Pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM), utapata akiolojia, historia, falsafa, isimu, lakini idara ya Kigiriki na Kilatini haipo. Kilatini kipo seminari za Wakatoliki, na Kigiriki cha Agano Jipya kinafundishwa kwenye vyuo vya theolojia, ila huko wanakufundisha usome Biblia, ukitaka kumsoma Plato au Homer utajitegemea. Afrika kwa ujumla ipo, tena ya siku nyingi: Ibadan kule Nigeria wameanza nayo tangu chuo kinafunguliwa 1948, Ghana ipo Legon, Misri ipo Cairo, Afrika Kusini vyuo kadhaa, na jirani zetu Malawi wanayo Zomba. Malawi ni stori ya peke yake, Kamuzu Banda, rais wao wa kwanza, alikuwa anaihusudu hii kitu mpaka 1981 akafungua shule ya sekondari huko kwao Kasungu, watoto wa kijijini wakawa wanasomeshwa Kilatini na Kigiriki kwa lazima. Unaweza ukamcheka lakini pia unaweza ukajiuliza.

Ukianza kutafuta vyuo angalia jambo moja. Kuna kozi ambazo ni "ustaarabu wa kale" tu, unasoma historia ya Roma na michezo ya kuigiza ya Wagiriki kwa tafsiri ya Kiingereza mwanzo mwisho, lugha hugusi. Sio mbaya, ila ukija kutaka masta au PhD mlango unafungwa, kwa sababu huko juu wanataka lugha zote mbili, na ukifika PhD wanakuongezea na kusoma Kijerumani na Kifaransa maana wataalamu wengi waliandika kwa lugha hizo. Kwa hiyo usidanganywe na jina la kozi, uliza kwanza masaa ya lugha kwa wiki ni mangapi.

Haya, tuje kwenye ugumu.

Mi nilianza sifuri nikiwa na miaka 22, nje ya nchi, chuo sikitaji. Wiki ya sita tukapewa jaribio la Kilatini nikapata 38 kwa 100, na mwalimu akaniandikia pembeni kwamba labda Kiingereza changu ndo tatizo. Nikaamini. Nikaanza kukazana na Kiingereza usiku na mchana na Kilatini ndo kikazidi kunikimbia, kwa sababu nilikuwa natoa neno kwenye Kilatini, nalipeleka kwenye Kiingereza, halafu nalirudisha kwenye Kiswahili ndo nielewe, yaani kama mtu anatoka Tabata anaenda Buguruni kwa kupitia Bagamoyo.

Kilichoniokoa ni kijikaratasi cha Baba Yetu kwa Kilatini nilichotoka nacho misani Jumapili moja. Nikakaa nacho jikoni nikaandika Kiswahili chake chini yake, bila Kiingereza. Angalia na wewe:

Sanctificetur nomen tuum. Jina lako litukuzwe.
Adveniat regnum tuum. Ufalme wako ufike.
Fiat voluntas tua. Utakalo lifanyike.

Chukua hilo neno la kwanza ulivunje kama unavyovunja mofimu kwenye pepa ya Kiswahili. Li-tukuz-w-e: nani, kitendo, anatendwa, na ile -e ya mwisho inayosema hili ni ombi sio taarifa. Sanctific-e-tur: kitendo, ile e inayosema ni ombi, na -tur inayokwambia ni yeye au kitu, na kinatendwa. Vipande ni vilevile, vimepangwa tofauti tu, sisi mtenda yuko mbele ya neno na wao yuko mkiani. (Hiyo e kufanana na yetu ni bahati tu, hakuna undugu hapo, na vitenzi vingine vinatumia a, ona adveniat.) Kiingereza hapo kinahangaika na maneno mawili matatu wakati wewe na Mrumi kila mmoja ana neno moja limetosha. Amatur, anapendwa. Imeisha.

Toka siku ile nikahamia daftari la Kiswahili, mtihani wa mwisho wa muhula nikapata 71.

Na sio hapo tu. Kuna kitu kinawatesa sana wanafunzi, kwamba Kilatini kina maneno kama nauta, baharia, na poeta, mshairi, ambayo umbo lake ni la kundi lenye majina mengi ya kike, lakini kivumishi kinafuata uanaume, unasema nauta bonus na sio nauta bona. Darasani kwetu watu walibishana nusu saa. Mi nimekaa kimya nawaza, kwani sisi tunasema kiongozi kizuri kimefika? Tunasema kiongozi mzuri amefika. Umbo ni la ki-vi, upatanisho ni wa m-wa, kwa sababu huyo ni mtu jamani. Kijana mrefu, kipofu mmoja, umelifanya hilo toka unajifunza kuongea. Kitu kingine, domi maana yake nyumbani na ruri maana yake shambani. Vitabu vinakwambia hiyo hali ya mahali ni masalia ya kale yamebaki kwenye maneno machache, ukariri. Kwetu sio masalia, ni -ni, unaitumia kila ukiaga mtu.

Kigiriki nacho hivyohivyo, tena kwenye vitenzi ndo raha. Herufi 24 usiziogope, nyingi umeshakutana nazo kwenye hesabu na fizikia ya fomu foo, wiki moja umezimaliza. Halafu utakutana na neno hestēke, kitabu kitakwambia umbo lake ni la wakati timilifu lakini maana yake ni ya wakati uliopo, na kitaeleza hilo jambo aya nzima kana kwamba ni muujiza. We sema amesimama. Ukimwona mtu kituoni Ubungo unasema amesimama pale, umbo ni -me-, maana ni kwamba saa hii yuko wima. Tethnēke, amekufa, ndo hali aliyonayo. Utakutana pia na kauli ya kati, louō nikimwogesha mtu mwingine na louomai nikioga mwenyewe, na mtu anayejua tofauti ya kuogesha na kuoga hawezi kulala na njaa hapo.

Matamshi pia yapo upande wako. Irabu za Kilatini ni a e i o u hizihizi zetu, ila ndefu na fupi zinabadili maana, mālum ni tofaa na malum ni uovu. Unayejua kufa sio kufaa utazoea.

Sasa nisikuuzie mbuzi kwenye gunia, kuna maumivu. Kubwa ni vikomo vya nomino. Sisi tunasema msichana anamwona mbwa na kazi kubwa inafanywa na mpangilio pamoja na ile -mw- ndani ya kitenzi, Mrumi anaibandika kazi kwenye mkia wa nomino, puella canem videt, na ile m ya canem ndo inakwambia mbwa anaonwa. Ndo maana anaweza kuandika canem puella videt na bado mbwa ni yuleyule anayeonwa, na washairi wao wanalitumia hilo vibaya, wanakuwekea kivumishi mstari wa kwanza na nomino yake mstari wa pili, unaitafuta kama funguo kwenye giza. Makundi ya nomino matano, hali sita (yaani mikia inayoonyesha nomino inafanya kazi gani), hakuna njia ya mkato, utakariri, utasahau, utakariri tena. Kigiriki kina vitenzi vya hovyo kama pherō, nabeba, ambacho wakati ujao ni oisō na wakati uliopita ni ēnenka, mizizi mitatu tofauti kabisa imekaa nyumba moja. Ukifika hapo ukitaka kulia kumbuka Agostino, yule Mtakatifu Agostino unayemsikia kanisani, Mwafrika wa Thagaste, Algeria ya leo, aliyezaliwa 354. Ameandika mwenyewe kwamba Kilatini alikipenda lakini Kigiriki cha shule alikichukia. Na bado akawa yule aliyekuwa.

Kuna jambo hukuniuliza lakini ndo linanifanya nikutie moyo badala ya kukwambia umsikilize mjomba asilimia mia. Watu watakwambia hizo ni lugha za wazungu, zinakuhusu nini. Wajibu hivi: maandishi ya zamani zaidi tuliyonayo yanayoielezea hii pwani yetu kwa mapana yameandikwa kwa Kigiriki. Kuna kijitabu cha katikati ya karne ya 1 kinaitwa Periplus ya Bahari ya Eritrea, jina la mwandishi halijulikani, alikuwa mfanyabiashara Mgiriki wa Misri, na Kigiriki chake ni cha mtu wa bandari, hakina madoido. Anashuka pwani kutoka Pembe ya Afrika mpaka soko la mwisho analolijua, linaitwa Rhapta. Wengine wanasema ni Pangani, wengine karibu na hapahapa Dar, na ubishi huu haufi, ila Profesa Felix Chami wa UDSM amechimba miaka mingi Rufiji na Mafia akiutafuta ushahidi. Rhapta inatokana na rhaptō, nashona, kwa sababu mashua za hapo zilikuwa zimeshonwa kwa kamba. Mtepe huo binti! Zilizokuwa zinashonwa kwa kamba za nazi pwani hii mpaka juzijuzi tu, mwanzoni mwa karne ya 20.

Sasa sikiliza hii. Kabla ya kufika Rhapta anataja kisiwa, anakiita Menouthias, kiko chini, kina miti mingi, kina mamba wasiodhuru watu, na wenyeji wake wanavua kasa kwa njia yao, badala ya nyavu wanatumia gyrgathoi wanazozishusha kwenye midomo ya maji. Tafsiri ya Kiingereza niliyopewa chuoni iliandika vikapu vya kusuka, profesa akapita. Mi nikanyoosha mkono nikasema hivyo sio vikapu, hayo ni madema, mitego ya kuvulia samaki. Bibi yangu mzaa mama alikuwa mtu wa Kilindoni, Mafia, madema nimekaa nayo uani nikiwa mtoto nayajua harufu yake. Profesa akaniomba nichore ubaoni, mlango wa kuingilia na ule mdomo unaomzuia samaki kutoka, nikachora vibaya lakini wakaelewa. Mpaka leo siwezi kuapa kwamba mwandishi aliona dema, huenda aliona kitu kinachofanana nalo, lakini darasa zima hakuna mwingine aliyeweza hata kuuliza hilo swali.

Na mbele kidogo anaorodhesha wafanyabiashara wanaleta nini Azania, ndo anavyoiita pwani hii, mikuki, mashoka, visu, shanga za kioo, wanaondoka na pembe za ndovu, pembe za faru na magamba ya kasa. Halafu anasema wanaleta pia divai na ngano nyingi, sio za kuuza, ni za kuwafanya wenyeji wawe na moyo mzuri. Kiswahili kina neno lake kamili, takrima. Miaka karibu elfu mbili hiyo.

Haya, tumbo. Mjomba yuko sahihi nusu. Hakuna ofisi Tanzania itatangaza inatafuta mtu wa klasiki. Niliporudi nikaenda intavyu ofisi moja pale Posta, yule bosi akaangalia cheti akaniuliza, klasiki si ule muziki wa vinanda? Nikasema ndio unakaribiana, kazi sikupata hata hivyo. Leo nakula kwa kutafsiri na kuhariri, na vipindi vya kufundisha hapa na pale, na nikisema ukweli kilichonipa kazi ni ile tabia ya kusoma sentensi moja polepole mpaka iseme yote iliyonayo, sio jina la digrii. Pesa ya kawaida, sio ya kujengea Mbweni.

Kwa hiyo ningekuwa wewe na mjomba ndo mwenye ada, nisingebishana naye. Ningefanya digrii ya hapa, na lugha ningejifunza pembeni kuanzia wiki hii. Digrii gani? Mimi ningechukua akiolojia au historia kwa sababu Rhapta ni kazi haijaisha na inahitaji mtu anayeweza kushika jembe mkono mmoja na Kigiriki mkono mwingine. Lakini kama mjomba hasikii kitu zaidi ya sheria basi soma sheria, sio adhabu, huko utakutana na maneno ya Kilatini kama mens rea, locus standi, ultra vires, prima facie, na wewe utakuwa unazielewa wakati wenzako wanazikariri kama majina ya dawa.

Klasiki yenyewe isubirie kwenye masta. Kulipa mwenyewe digrii ya kwanza Uingereza ni hela ya nyumba, wakati masta kuna ufadhili kama Commonwealth na Chevening (huyu wa pili anataka uwe umeshafanya kazi kwanza), na Marekani PhD nyingi za vyuo vikubwa unasamehewa ada na unalipwa posho ya kuishi. Huko kuna hata kozi za mwaka mmoja au miwili za kuimarisha lugha kwa watu waliochelewa kuanza kama sisi. Ukirudi peleka vyeti Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) vitambuliwe, usisubiri mpaka uwe unatafuta kazi.

Namna ya kuanza. Kilatini kwanza, Kigiriki baada ya kama mwaka, ukianza vyote pamoja vitagongana. Dakika 40 kila siku alfajiri zinashinda masaa matano ya Jumamosi. Tafuta kitabu cha Mdenmarki Hans Ørberg, Lingua Latina, kimeandikwa Kilatini chote kuanzia ukurasa wa kwanza hakina Kiingereza kabisa, kwa mtu kama wewe ndo dawa. Mtandaoni kuna Perseus, maktaba ya maandishi ya kale ya chuo cha Tufts cha Marekani, bure, unabofya neno linakuvunjia umbo lake, bando dogo linatosha. Kuna pia vitabu vya Loeb, vyekundu vya Kilatini na vya kijani vya Kigiriki, lugha ya kale kushoto na Kiingereza kulia, vya zamani vimeshaisha hakimiliki unavishusha bure. Ila ule ukurasa wa kulia ni ugonjwa, ukiuzoea hutajua kusoma kamwe, mimi nilikuwa nauziba kwa karatasi. Na pitia kwa wauza vitabu vya mitumba Posta, mimi sarufi yangu ya kwanza ya Kilatini niliiokota huko kwa buku tano, ina jina la padre mmoja kwa ndani na doa la chai.

Zoezi lako la kwanza. Nunua daftari la mistari, andika Baba Yetu yote kwa Kilatini, mstari wa chini uandike Kiswahili kama mnavyosali parokiani, halafu zungushia duara kila kipande kinachoonyesha nani anafanya. Utaenda vizuri mpaka ufike dimitte nobis debita nostra. Pale utakwama, kwa sababu debita ni madeni, na ninyi kanisani mnasali utusamehe makosa yetu. Fungua Biblia ya Union Version, Mathayo 6:12, utakuta deni zetu. Fungua Luka 11:4, utakuta dhambi zetu. Nenda Perseus utafute Kigiriki cha hiyo mistari miwili, uone kila mmoja ametumia neno gani, halafu niandikie unadhani makosa yametokea wapi.